Usalama wa Wafanyakazi Mashambani

Msafiri atokaye Mombo kwenda Moshi kwa barabara huona mashamba ya mkonge tambarare, na kuumeni kwake milima ya Upare. Watu wa milimani hulima kahawa, migomba na tangawizi. Wa chini hulima mkonge, mahindi, na mpunga kule Ndungu. Karibu sisi sote tuliomo shuleni tumelelewa kwa jembe. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo tusilolifikiri sana, yaani usalama wa mtu awapo kazini shambani.

Wengi hudhani kwamba kazi za hatari ni za migodini tu. Lakini Shirika la Kazi Duniani hukihesabu kilimo kuwa miongoni mwa kazi tatu zenye hatari kubwa kabisa, pamoja na uchimbaji wa madini na ujenzi.

Tutazame mkonge. Mmea huu uliletwa nchini mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, lakini iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Kilimanjaro.

Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mkali. Mkataji huinama katikati ya majani mengi, na akigeuka bila kuangalia, mwiba waweza kuingia jichoni. Utomvu wake huwasha ngozi. Majani yakisha kukatwa hupelekwa kwenye mashine iitwayo korona, ambayo huyaponda na kuyapiga kwa visu butu vinavyozunguka kwa kasi, mpaka nyama ya jani itoke na singa zibaki. Katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 tu za singa, kwa hiyo korona hulishwa majani mengi mno. Sakafu ni maji na utelezi. Singa zikikauka hupigwa brashi, na hapo vumbi huruka na kuingia kifuani.

Baba yangu mdogo alifanya kazi kwenye mashine ya namna hiyo katika shamba moja. Siku moja majani yalikwama. Kifuniko cha kukinga mikono kilikuwa kimeondolewa ili kazi iende mbio, naye akaingiza mkono kuyachomoa bila mashine kuzimwa. Vidole vitatu vikaenda. Alilipiwa hospitali, akarudishwa nyumbani. Watu waliokuja kumpa pole walisema, "Ajali haina kinga." Nami nilisema hivyo hivyo. Sasa naona tulikosea, kwa sababu kinga ilikuwapo, ila ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa kando.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi, aweke vikinga kwenye mashine, awapime wafanyakazi afya zao, na awape vifaa vya kujikinga bila kuwatoza fedha. Mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anapaswa kumteua mwakilishi wao wa usalama. Wakaguzi wa wakala uitwao OSHA ndio wanaosimamia haya. Tena, kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, uko Mfuko wa Fidia ulioanza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayeuchangia, wala mfanyakazi hakatwi mshahara wake. Hata kibarua asiye na mkataba wa maandishi anahesabiwa. Jambo hili nyumbani kwetu hatukulijua, wala hatukuwa na mtu wa kutuambia.

Sisi wanafunzi nasi tumetajwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 18 katika kazi ya hatari, hata ikiwa ni ya shamba. Mimi nina miaka 17. Likizo iliyopita nilitaka kibarua cha kupulizia dawa nyanya nipate nauli, nikakataliwa, nikakasirika. Sasa nakiri kwamba aliyenikataa alikuwa na haki.

Hata hivyo mashamba mengi ya kwetu hayana mwajiri wala mkaguzi. Ni baba, mama na watoto. Hapo sheria iko mikononi mwetu wenyewe, hasa katika dawa za wadudu. Nimewahi kumwona mtu akipulizia bila viatu, bomba likivuja mgongoni, huku akila muwa! Basi yafaa tushike haya:

1. Soma kibandiko kabla ya kufungua chupa. Utepe mwekundu maana yake ni sumu kali kabisa.
2. Vaa nguo ndefu, mabuti, glavu, miwani na kitambaa cha kuziba pua na mdomo.
3. Pulizia asubuhi kukiwa shwari, wala usielekee upepo.
4. Usile, usinywe, wala usivute sigara mpaka umeoga na kubadili nguo.
5. Chupa tupu isuuze mara tatu, kisha itoboe. Isiwekwe maji wala mafuta ya taa.
6. Usivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kwisha.

Wako watakaosema kwamba glavu na mabuti ni gharama. Ni kweli, fedha ni ngumu. Lakini baba mdogo hawezi tena kushika jembe sawasawa, na shamba lake sasa hulimwa na mkewe peke yake. Bei hiyo ni kubwa kuliko ya glavu.

Wasomaji wapenzi, mwende likizo salama. Mkikuta kifuniko kimeondolewa kwenye mashine, hata ile ya kusaga unga kijijini, semeni. Na mkiambiwa kwamba ajali haina kinga, jibuni kwa adabu kwamba nyingi zinayo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne