Maneno ya Kingereza yenye kudanganya wale waliosoma Kifaransa: jipime mwenyewe

Tangu Rais wa Kongo atie sahihi mukataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Nairobi, tarehe 8 Aprili 2022, Kingereza kimesogea karibu zaidi na wakaaji wa mashariki ya inchi. Wachuuzi wanakikuta katika faktire zenye kutoka Kampala. Vijana wanakikuta katika matangazo ya kazi ya mashirika.

Kwa mutu aliyesoma kwa Kifaransa, maneno yenye hatari si yale hajaona hata siku moja. Hayo atayatafuta katika kamusi. Hatari iko katika yale anafikiri anayajua.

Sababu yake ni ya zamani. Mwaka wa 1066, Guillaume, mutawala wa Normandie, aliteka Uingereza. Wakubwa wa inchi wakasema Kifaransa kwa muda mrefu, na maelfu ya maneno yakaingia katika Kingereza. Kisha kila lugha ikafuata njia yake: sura ya neno ikabaki, maana ikabadilika. Mwaka wa 1928, Wafaransa wawili, Koessler na Derocquigny, walitoa kitabu juu ya maneno hayo, wakayaita marafiki wa uongo.

Jibu haya matano bila kuangalia chini:

1. Muteja anaandika: "We will eventually pay." Atalipa, ao labda atalipa?
2. Ripoti inasema: "Two men were injured." Walitukanwa, ao waliumizwa?
3. Tangazo la kazi linasema: "Location: Beni." Kuna nyumba ya kupangisha?
4. Muradi ni wa "one billion dollars". Ni dola ngapi?
5. Barua inasema: "I demand an answer." Ni ombi la heshima?

Majibu ndiyo haya.

Moja: atalipa. "Eventually" ni mwishowe, hata kama ni kisha muda mrefu. Kwa Kifaransa, "éventuellement" ni labda. Mukongomani mwenye kuandika neno hilo akiwaza "labda" amekwisha kutoa ahadi. Na mwenye kulipokea ajue kwamba ahadi hiyo haina tarehe, aombe tarehe.

Mbili: waliumizwa. "Injure" ya Kifaransa ni tusi, lakini "injury" ya Kingereza ni jeraha. Mbele ya polisi ao munganga, kukosea hapo kunageuza habari yote.

Tatu: hapana. "Location" ni mahali. Kazi itafanyika Beni.

Ine: ni miliari moja, ndiyo kusema milioni 1.000. "Billion" ya Kifaransa ni miliari 1.000. Anayechanganya hizo mbili anazidisha feza mara 1.000. Alama pia zinadanganya: kwa Waingereza, "1,500 kg" ni kilo elfu moja na mia tano. Kwa kuandika kwa Kifaransa, ni kilo moja na nusu.

Tano: hapana. "Demander" ni kuomba, lakini "to demand" ni kudai kwa ukali. Mwenye kutafuta kazi akiandika "I demand a job", mukubwa wa kazi ataona kiburi mahali pa adabu. Neno la kuomba ni "to ask".

Aliyepata matano yote anaweza kusoma mukataba bila woga mwingi. Aliyekosa mawili ao zaidi afanye hivi: mbele ya kutia sahihi, atafsiri kila sentensi kwanza katika Kiswahili, si katika Kifaransa. Kiswahili hakifanani na Kingereza kwa sura, kwa hiyo kinalazimisha mutu kutafuta maana yenyewe. Na kila hesabu ya feza iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na tarehe ya malipo.