Nguzo Imara ya Dishi Kubwa Uani

Msafiri atokaye Gisenyi kwenda Musanze hupita Mahoko, mji mdogo wa soko ulio karibu na mto Sebeya. Huko mvua hunyesha kwa wingi toka Machi hadi Mei, na tena toka Septemba hadi Desemba. Kwa ajili hiyo, dishi kubwa la mita 2.4 bado lina faida yake uani, maana mawimbi ya masafa ya chini linayoyapokea hayadhoofishwi sana na mvua kama yale ya madishi madogo.

Hata hivyo, dishi hilo huukinga upepo kama tanga la jahazi. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Upepo wa kilometa 80 kwa saa ukilipiga usoni, hulisukuma kwa nguvu ya mzigo wa zaidi ya kilo 100. Nguzo ikiinama nyuzi mbili tu, picha hupotea, kwani setilaiti iko kilometa 35,786 juu ya ikweta. Nayo ikianguka, hasara si ya picha peke yake, kwa sababu ua ndio uwanja wa michezo ya watoto.

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na wilaya ya Rubavu, ambako Sebeya ilifurika, iliathirika vibaya. Basi nguzo isisimamishwe kandokando ya mto wala ukingoni mwa mteremko uliochimbwa, bali penye ardhi ngumu ambayo haijafukiwa karibuni.

Shimo lichimbwe sentimita 60 kwa 60, na kina chake kiwe mita 1.3. Chini iwekwe kokoto ya sentimita 10 ili maji yapate njia. Bomba la chuma nene, lenye urefu wa mita 3, lichomelewe vipande viwili vya nondo kwa umbo la msalaba karibu na mwisho wake wa chini, ili upepo usiweze kulizungusha ndani ya zege. Mita 1.2 zizame ardhini, na mita 1.8 zibaki juu.

Zege lichanganywe kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Mifuko mitatu hivi ya kilo 50 yatosha. Zege hilo, ambalo uzito wake hukaribia tani moja, ndilo litakaloshindana na upepo. Kabla halijakauka, bomba lipimwe kwa timazi pande mbili, mbele na ubavuni, kisha liegemezwe kwa miti lisisogee. Uso wa zege uinuliwe kidogo kuliko ardhi na kuteremka pande zote, maji yasituame na kulisha chuma kutu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Askari aliyepewa likizo ya siku kumi hutamani kutazama habari jioni ileile. Afadhali amwage zege siku ya pili ya likizo, alifunike kwa magunia, naye mama watoto na vijana walimwagie maji kila siku kwa siku saba. Siku ya tisa dishi lipandishwe, na siku ya kumi baba arudi kazini akiwa na moyo mtulivu.

Yasisahauliwe mambo mawili. Huku karibu na ikweta dishi hutazama juu, likakinga maji kama beseni. Litobolewe tundu dogo mahali pa chini kabisa. Tena nguzo iunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba kwa ajili ya radi, na kabla ngurumo hazijaanza, waya wa dishi uchomolewe kwenye televisheni.

Msimu wa pepo ukifika, familia italala usingizi. Haraka haraka haina baraka.