Kabla Hatujamtaja Jini, Tuulize Amekula Nini



Ndugu zetu wapenzi, mama zetu na dada zetu, juma hili tunapenda tuzungumze nanyi juu ya jambo lililoingia katika nyumba nyingi za mwambao wetu, nalo ni wasiwasi. Hatukusudii ule wasiwasi wa mtu anayerudia udhu mara tano kwa shaka. Tunakusudia hofu isiyokuwa na sababu ya wazi: moyo kwenda mbio hali mtu amekaa kitako, mikono kutetemeka, pumzi kubana, usingizi kukimbia, na fikira kuzunguka pale pale kama ngamia wa kinu cha simsim.

Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, tuliletewa nyumbani mama mmoja wa watoto watatu. Alikuja na mumewe pamoja na mavyaa wake. Tukaelezwa kwamba kila ikaribiapo adhuhuri hutetemeka na kutokwa na jasho jembamba, na usiku huamka akilia kwamba anakufa. Watu wa nyumba yake walikuwa wamekwisha kukata shauri kuwa ana jini. Tukamsomea, akatulia siku mbili, kisha hali ikarudi. Tukamsomea mara ya pili, na mara ya tatu. Siku hiyo ya tatu, ahali yetu, aliyekuwa akimpa maji ya kunywa, alimuuliza swali ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria: "Mwanangu, tangu asubuhi umetia nini tumboni?"

Alikuwa ametia sturungi, vikombe vinne, yenye sukari nyingi. Mahamri ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kwa mume na watoto. Mchana alipika wali na samaki, akawapakulia wote, yeye akabakiwa na ukoko na mchuzi. Akasema kwamba ndivyo ilivyo kila siku. Tena tangu kujifungua mtoto wa mwisho hedhi yake ilikuwa nzito mno, naye akaona haya kumwambia mtu. Hulala saa saba za usiku katika chumba cha juu kilichoezekwa mabati, na huamka saa kumi za alfajiri kuanza kazi. Tukamwambia mumewe ampeleke hospitali siku ya pili yake. Damu ilipopimwa, ilionekana imepungua sana.

Sisi tulikuwa tumemsomea mara tatu, wala hatukumuuliza neno lolote juu ya mwili wake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe.

Tusifahamike vibaya. Majini wapo, na Qur'ani imewataja. Kisomo kina baraka, na Qur'ani ni shifaa kwa waumini. Wala hatusemi kwamba kila hofu hutoka tumboni. Tunalosema ni kwamba mwanadamu ana roho na ana mwili, na mwili nao una haki zake. Anayempa mgonjwa haki ya roho akasahau haki ya mwili, amefanya nusu ya kazi.

Wanazuoni wetu walilijua hili

Jambo hili si geni katika elimu ya Kiislamu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 850 karibu na mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, na kufariki mwaka 934, alitunga kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza aliijaalia ya mwili, akazungumza humo juu ya makazi, hewa, maji, vyakula, usingizi na mazoezi. Sehemu ya pili aliijaalia ya nafsi, akaeleza ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Alifanya hivyo kwa kuwa aliona kwamba mwili na nafsi vimefungamana: kimoja kikiugua, cha pili hakisalimiki.

Na kabla yake tunayo mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.), anapofiwa mtu wa jamaa zake, alikuwa akiamrisha ipikwe talbina, nayo ni uji wa unga wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Tuizingatie kauli hiyo: baadhi ya huzuni. Hakusema huzuni yote. Hicho ndicho kipimo tutakachokwenda nacho hadi mwisho wa makala haya.

Mwili ukitishika, moyo nao hutishika

Mtu akinywa chai yenye sukari nyingi juu ya tumbo tupu, sukari hupanda upesi katika damu, kisha kwa baadhi ya watu hushuka upesi vilevile. Mwili ukihisi imeshuka, humwaga homoni iitwayo adrenalini ili kuipandisha. Homoni hiyo ndiyo ile ile imwagwayo mtu anapokutana na nyoka njiani. Basi moyo huenda mbio, jasho hutoka na mikono hutetemeka, lakini nyoka hayupo. Hapo akili huanza kumtafuta: huenda mtoto amepatwa na ajali, huenda mume ana jambo, huenda mauti yamefika. Hofu ilianza mwilini, kisha fikira zikaivika nguo.

Chai na kahawa pia zina kafeini, nayo huuamsha mwili na kuutia mbio. Kikombe cha chai huwa na kiasi cha miligramu 50, na cha kahawa takriban 90 au zaidi. Wataalamu wa Ulaya wameweka kiwango cha miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mja mzito. Baada ya kunywa, huchukua kama saa tano kwa nusu yake kutoka mwilini, na kwa mja mzito huchukua muda mrefu zaidi. Anayekunywa kahawa chungu baada ya Isha asishangae usingizi unapomkataa. Tena chai inyweshwayo pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo ndani ya mboga na nafaka. Ni bora ingoje saa moja hivi baada ya kula, na chakulani pakamuliwe ndimu, kwani ndimu huusaidia mwili kuyapata madini hayo.

Tumeyataja madini ya chuma kwa sababu upungufu wa damu ni maradhi yaliyoenea mno miongoni mwa wanawake. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba takriban wanawake 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanao. Damu ikipungua, oksijeni inayofika viungoni hupungua, na moyo hulazimika kupiga kwa kasi ili kufidia. Mama huyo husikia moyo ukigonga na pumzi zikimwishia, naye huona kuwa ni hofu. Tezi ya shingo nayo ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili kama hizo, pamoja na kukonda na kutostahimili joto. Yote mawili hujulikana kwa kupimwa damu.

Hatuwezi pia kuunyamazia muguka na miraa. Mwezi wa Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, zikafuata Kilifi na Taita Taveta, kisha shauri likafika mahakamani na amri za Mombasa na Kilifi zikasimamishwa. Yaliyo ya sheria tumewaachia wenyewe. Letu ni kumkumbusha mzazi kwamba majani hayo yana kichocheo kiitwacho kathinoni, kinachokwenza moyo mbio na kuondoa usingizi. Kijana akeshaye usiku akitafuna, kesho yake huamka mzito, mwenye hasira na shaka, na mamake aliyekesha kwa ajili yake huamka na wasiwasi wake mwenyewe. Mtafunaji ni mmoja, na wanaokosa usingizi ni nyumba nzima.

Je, chakula chema chaweza kuituliza nafsi? Mwaka 2017 watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 67 waliokuwa na sonona, ugonjwa ambao aghalabu huandamana na wasiwasi. Kwa muda wa wiki 12, kundi moja lilisaidiwa kubadilisha chakula: mboga, matunda, kunde za kila namna, samaki, nafaka zisizokobolewa na mafuta ya zeituni. Kundi la pili lilipewa watu wa kuzungumza nao. Katika kundi la chakula, karibu theluthi moja walipata nafuu kamili. Katika la pili, 8 kwa kila 100. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, wala chakula hakikuwekwa badala ya dawa. Lakini tazameni orodha yenyewe. Mbaazi, pojo, kunde, mchicha, kisamvu, dagaa, mkate wa mofa, mapera: hivi ndivyo vyakula vya bibi zetu, tulivyoviacha tukakimbilia chipsi na soda.

Nyumba tunamokaa

Wazee wa Lamu walijenga nyumba za mawe zenye kuta nene, na uwanda wa ndani wa kuvutia hewa. Leo wengi wetu tumo katika vyumba vya dirisha moja, mabati juu, na msimu wa kaskazi vyumba hivyo huwaka kama tanuri. Mwili huhitaji kupoa kidogo ndipo ulale. Usipopoa, usingizi huwa wa vipande vipande, na aliyekosa usingizi hutishwa hata na kishindo cha mlango. Juu ya joto pana kelele za jenereta, bodaboda na televisheni isiyozimwa. Juu ya kelele pana simu, inayoingizwa kitandani na habari za vita na maiti, mwanga wake ukiwa usoni.

Si kila mtu awezaye kuhama. Lakini chumba chaweza kubadilishwa: kwa nini mama anyonyeshaye ndiye alale chumba cha joto kuliko vyote? Madirisha yaweza kufunguliwa jioni, chandarua kikishushwa. Simu zaweza kuachwa sebuleni baada ya Isha. Mama na jirani zake waweza kutoka pamoja baada ya Alasiri wakatembea nusu saa penye upepo wa bahari, kwani kutembea kumethibitika kupunguza wasiwasi.

Tukumbuke pia ada yetu ya arubaini. Mzazi hupewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, hukandwa, hupokewa mtoto ili alale, wala haachwi peke yake. Bibi zetu walifahamu kwamba mwanamke aliyemwaga damu anataka chakula, usingizi na watu. Leo wako mabinti wanaojifungua Jumatatu, na Ijumaa wako peke yao katika chumba cha kupanga, na kichanga mkononi na sufuria mekoni. Kisha tunauliza hofu imewatoka wapi.

Sahani ya mwisho

Hapa tunawageukia wanaume wenzetu. Katika nyumba nyingi, apikaye ndiye alaye mwisho, tena hula kilichobaki. Yeye huona ni mapenzi, nasi twaona ni kawaida. Lakini chakula cha mke ni haki iliyo juu ya mumewe, na haki haitimii kwa kuleta unga na samaki mlangoni tu, bali kwa kuhakikisha kwamba naye amekula. Nyumba ambamo mama hukonda kila mwaka huku wengine wakishiba haina uadilifu, hata ikisomwa Yasini kila usiku. Ipo pia nyumba ambayo hakuna cha kupakua. Hiyo ni amana ya majirani na ya msikiti, wala si jambo la kumpa mama nasaha za lishe.

Na tukirejea katika kipimo chetu, chakula huondoa baadhi. Iko hofu iliyo maradhi ya nafsi, inayohitaji daktari wa maradhi hayo, mazungumzo ya tiba, na pengine vidonge. Kuvimeza si upungufu wa imani, wala mtu asiviache kwa kuwa amesoma makala kama haya. Iko hofu iliyo na sababu ya kweli, kama vile deni, maradhi ya mtoto au mume apigaye, na hiyo haiondoki kwa mchicha. Mtu akiwa na maumivu ya kifua, akizimia, akikosa usingizi siku nyingi mfululizo au akizungumza juu ya kujidhuru, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.

Yule mama alipewa vidonge vya kuongeza damu, na hedhi yake ikatibiwa. Ilichukua miezi. Mtetemo wa mchana ulikwisha, na usingizi ukarejea kidogo kidogo. Hofu yake haikuondoka yote, bado huja siku za dhiki, naye huomba dua ambayo Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Mola wake kinga ya wasiwasi na huzuni. Juma lililopita mavyaa wake alitupitia kutusalimu. Akatueleza kwamba siku hizi, chakula kikishuka mekoni, sahani ya kwanza huipakua yeye mwenyewe, akaifunika kawa, akaiweka kando, na wala haguswi na mtu. Ni ya mkewe mwanawe.

Wabillahi tawfiq.