Plockton: Shule ya kijijini iliyokabidhiwa muziki wa taifa

Na Mwandishi Wetu

KWA Watanzania wengi, Uskoti ni nchi alikosomea Mwalimu Julius Nyerere, aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952. Lakini nyuma ya miji ya Edinburgh na Glasgow ipo Uskoti nyingine isiyosikika sana: ile ya vijiji na visiwa vya kaskazini-magharibi, ambako barabara ni nyembamba, watu ni wachache na shule moja ya sekondari huhudumia watoto wa vijiji vilivyotawanyika kati ya milima na bahari.

Plockton ni mojawapo ya vijiji hivyo. Kimejipanga kando ya ghuba ya Loch Carron. Kwa kuwa bahari ya upande huo hupashwa joto na mkondo wa maji ya Atlantiki, wenyeji wameweza kupanda mbele ya nyumba zao miti inayofanana na michikichi, jambo linalowashangaza wageni wanaofika kwa treni kutoka Inverness. Katika kijiji hicho chenye wakazi mia kadhaa tu ndipo ilipo Shule ya Sekondari ya Plockton, ambayo tangu mwaka 2000 imebeba dhamana ya taifa zima: kuwanoa vijana wenye vipaji vya muziki wa asili wa Uskoti.

Ni kwa nini dhamana hiyo ikapelekwa kijijini, na wanafunzi wa shule za namna hiyo hufanya nini hasa?

Kituo cha taifa kijijini

Uskoti ina vituo kadhaa vya kulea vipaji vya muziki na ngoma vilivyowekwa ndani ya shule za kawaida za serikali. Vingi vipo katika miji ya Edinburgh, Glasgow na Aberdeen au jirani nayo. Kituo cha muziki wa asili, hata hivyo, kilipelekwa Plockton, karibu na chimbuko la muziki wenyewe.

Anayetaka kujiunga hupimwa kwa kupiga ala au kuimba mbele ya walimu. Halipi ada, na akitoka mbali hupewa nafasi katika bweni. Mkurugenzi wa kwanza wa kituo hicho, Dougie Pincock, hakuwa mgeni wa jukwaa. Kabla ya hapo alikuwa mpiga zumari wa kundi mashuhuri la Battlefield Band.

Wanafunzi hao hawatengwi na wenzao. Husoma hisabati, sayansi na Kiingereza katika madarasa yale yale wanayosoma watoto wa kijiji, na vipindi vya muziki huingizwa katika ratiba ya kawaida. Hujifunza fidla, kinubi, filimbi, akodiani, zumari maarufu la mfuko, pamoja na nyimbo za Kigaeli. Kisha huenda kutumbuiza hadharani, na kazi zao hurekodiwa katika albamu. Hayo hufanywa na vijana wa sekondari, katika eneo ambako mwezi Desemba jua huchomoza takriban saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni.

Mtihani uko pale pale

Msomaji anaweza kudhani kwamba mwanafunzi wa muziki huko ameachana na masomo mengine. Sivyo. Mtoto wa Uskoti husoma shule ya msingi miaka saba, kama ilivyozoeleka hapa kwetu, kisha huingia sekondari inayoweza kufika miaka sita. Mwaka wa nne kwa kawaida hufanya mitihani iitwayo National 5, mwaka wa tano hufanya Higher, na anayebaki mwaka wa sita anaweza kufanya Advanced Higher. Matokeo ya Higher ndiyo yanayotazamwa zaidi na vyuo vikuu vya nchi hiyo. Kwa hiyo kijana anayepiga kinubi Plockton anaweza bado kuomba nafasi ya udaktari au uhandisi.

Ugumu wa shule ndogo ni mwingine: wanafunzi wanapokuwa wachache, haiwezekani kuajiri mwalimu wa kila somo. Mwaka 2016 halmashauri ya visiwa vya magharibi ilianzisha e-Sgoil, mpango wa kufundisha moja kwa moja kwa njia ya intaneti. Mwalimu aliye katika kisiwa kimoja huweza kufundisha wanafunzi wachache walio katika shule kadhaa kwa wakati mmoja. Janga la Uviko-19 lilipofunga shule mwaka 2020, mpango huo uliobuniwa kwa ajili ya visiwa ukawa tegemeo la wanafunzi wa maeneo mengine ya Uskoti pia.

Umbali nao una gharama yake. Kusini mwa Plockton, katika mji wa bandari wa Mallaig, watoto wa visiwa vidogo vya Eigg, Rum, Muck na Canna hukaa katika hosteli siku za masomo kwa sababu visiwa vyao havina sekondari. Kurejea nyumbani mwisho wa wiki hutegemea ratiba ya feri na hali ya bahari. Mtoto wa miaka 12 hujifunza mapema kuishi mbali na wazazi.

Lugha iliyofukuzwa darasani

Kazi kubwa zaidi ya shule hizi pengine ni ya lugha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1872 iliyoweka msingi wa elimu ya umma Uskoti haikuitaja kabisa lugha ya Kigaeli. Kwa miongo mingi baada ya hapo, watoto wa vijijini walifundishwa kwa Kiingereza, na wapo walioadhibiwa kwa kuzungumza lugha ya mama zao shuleni.

Leo shule hizo hizo ndizo zinazotegemewa kuirejesha. Wanafunzi wao hushindana katika Mòd, tamasha la nyimbo na fasihi ya Kigaeli lililofanyika kwa mara ya kwanza mjini Oban mwaka 1892 na ambalo sasa hufanyika kila Oktoba. Yapo pia mashindano ya mdahalo kwa Kigaeli kati ya shule za sekondari, na tangu mwaka 2008 yapo mashindano ya filamu fupi yaitwayo FilmG, ambako wanafunzi huandika, huigiza na kupiga picha wenyewe.

Takwimu za sensa zinaonyesha sura mbili. Wasemaji wa Kigaeli nchini kote waliongezeka kutoka takriban 57,000 mwaka 2011 hadi karibu 69,700 mwaka 2022. Lakini katika visiwa vya magharibi, ambavyo ndivyo ngome ya lugha hiyo, wanaokizungumza wameshuka chini ya nusu ya wakazi. Lugha inaongezeka kwa wanaojifunza mijini huku ikipungua kwa waliozaliwa nayo. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria inayokitambua Kigaeli kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, sheria haiwezi kuimba wala kutania. Hilo litafanywa na vijana.

Magongo na milima

Nje ya darasa, mchezo wenye heshima kubwa katika nyanda za juu ni shinty, ndugu wa mpira wa magongo. Timu ya watu wazima ina wachezaji 12, na tofauti na mpira wa magongo tuliouzoea, mchezaji huruhusiwa kuinua gongo juu ya bega na kuupiga mpira ukiwa hewani. Timu za vijiji hutegemea vijana wanaotoka shuleni.

Aidha, wanafunzi wengi hushiriki Tuzo ya Duke of Edinburgh, iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Hutakiwa kujitolea katika jamii, kufanya mazoezi, kujifunza stadi na kusafiri porini kwa miguu wakijibebea mahema na chakula. Mpango huo una ndugu yake Afrika Mashariki, ule unaojulikana nchini Kenya kama Tuzo ya Rais. Shule nyingi za Uskoti pia zina urafiki na shule za Malawi, uhusiano uliopewa nguvu na makubaliano ya nchi hizo mbili ya mwaka 2005.

Shule ikifungwa

Hata hivyo, mafanikio hayo yamekaa juu ya msingi mwembamba. Kituo chenyewe cha Plockton kiliwahi kutishiwa na mipango ya kubana matumizi ya halmashauri katika miaka ya 2010, kabla ya kunusurika. Idadi ya watoto inaposhuka, swali la kwanza la wahasibu huwa ni kwa nini jengo lisifungwe.

Ndiyo maana Uskoti ina sheria ya mwaka 2010 inayoilazimu halmashauri, kabla ya kufunga shule ya kijijini, kutafuta njia mbadala na kupima athari kwa jamii na kwa safari za watoto. Sheria hiyo haizuii kufunga, bali inaweka mzigo wa kujieleza kwa anayetaka kufunga.

Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyekulia kijijini. Shule ikiondoka, familia changa hazihamii tena. Waliopo hufuata shule mjini. Timu ya magongo hukosa wachezaji na kwaya hukosa sauti. Plockton ilichukua njia ya kinyume: badala ya mtoto wa kijijini kwenda mjini kutafuta kilicho bora, kilicho bora kiliwekwa kijijini, na watoto wa mjini wakapanda treni kukifuata.