Umefiwa na rafiki? Usiitupe kalamu

JE, msomaji, umewahi kufiwa na rafiki ukakosa hata hamu ya kufanya lile jambo mlilolipenda pamoja? Yalinipata mimi, ingawa ni daktari, na ndiyo sababu nalizungumzia leo.

Tulipokuwa wanafunzi wa sekondari Kitui, mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tukitunga nyimbo. Tulijifunza kwa kusikiliza kanda za Kakai Kilonzo, mwanamuziki wa Ukambani aliyeimba kwa Kikamba na Kiswahili, na ambaye alifariki mwaka 1987. Mwenzangu alipiga gita, mimi nikaandika maneno. Baadaye nilikwenda kusomea udaktari, naye akawa mwalimu Makueni. Kazi zikatubana, daftari letu likasahaulika.

Miaka mitatu iliyopita alianguka nyumbani kwake karibu na Wote, akafa kwa kiharusi. Alikuwa na presha bila kujua. Ni mara ngapi tulikula pamoja, kipimo changu kikiwa ndani ya gari! Sikumpima hata siku moja.

Baada ya mazishi nilikosa usingizi. Redio ikipiga muziki wa Kikamba, niliizima. Wagonjwa niliwashauri wasijifungie na huzuni. Mimi mwenyewe nikajifungia.

Huzuni si udhaifu. Aliyefiwa hukosa usingizi na hamu ya chakula, huumwa kichwa au tumbo. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambapo msuli wa moyo hudhoofika ghafla baada ya mshtuko mkubwa, na dalili zake hufanana na za mshtuko wa moyo. Kwa hivyo ukiumwa na kifua baada ya msiba, usiseme ni majonzi tu. Nenda hospitali mara moja.

Aliyefiwa na rafiki ana mzigo mwingine. Wakati wa matanga watu hujaa na kuimba usiku; wakishazika, hutawanyika. Mjane hupewa pole na ndugu hupewa ruhusa kazini, lakini rafiki hutarajiwa kuwa kazini kesho yake.

Miezi minane baadaye, mjane wa mwenzangu alinipa lile daftari. Mlikuwa na wimbo tuliouacha katikati. Nilianza kuumalizia, ubeti mmoja kila usiku. Katika ubeti wa tatu nilikiri kwamba sikumpima. Nililia sana, na usiku huo nikalala hadi asubuhi.

Huo haukuwa muujiza. Mwaka 1986, watafiti James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti ambapo wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu jambo lililowaumiza pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi papo hapo, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache zaidi kuliko wengine. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa faida hiyo ni ndogo, tena si kwa kila mtu. Hata hivyo, jambo likishapata maneno, akili huweza kulipanga na kulibeba.

Ukitaka kujaribu, fanya hivi:

1. Tenga muda mfupi, usizidi nusu saa.

2. Andika kwa lugha mliyozungumza pamoja. Vina na mizani vitakuja baadaye.

3. Usimsifu marehemu tu. Taja pia hasira na majuto yako.

4. Ukimaliza, mwimbie mtu mmoja unayemwamini.

Lakini wimbo si dawa ya kila kitu. Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua ugonjwa wa huzuni ya msiba iliyopitiliza: majonzi makali yanayoendelea zaidi ya miezi sita na kumzuia mtu kuishi maisha yake. Ukifikia hapo, au ukianza kutamani kufa hata kwa siku moja, usingoje. Mwambie mtu wa karibu, kisha nenda hospitali iliyo karibu nawe, kama zile za rufaa za Kitui na Makueni. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wimbo wetu umekwisha, na sasa natunga mwingine. Nikienda Wote siku hizi, kipimo hakibaki garini. Nawe, kabla ya kuanza ubeti wa kwanza, mpigie simu rafiki aliye hai. Muulize alipima presha lini.