Kutoka Cheptais hadi Mombasa: Siku tatu za bahari na hesabu zake

MAJI ya mito inayoteremka kutoka Mlima Elgon na kupita maeneo ya Cheptais, katika Kaunti ya Bungoma, hayaendi Mombasa. Huingia katika bonde la Mto Nile na hatimaye kumwagika katika Bahari ya Mediterania, pwani ya Misri. Familia ya Cheptais inayokata shauri kwenda kuiona Bahari ya Hindi kwa hivyo husafiri kinyume na maji yake yenyewe, mwendo wa takriban kilomita 900, kwa ajili ya siku tatu tu za mapumziko.

Wengi huchagua Desemba. Mahindi yamekwisha kuvunwa, watoto wako katika likizo ndefu, na upepo wa kaskazi umeanza kuvuma Pwani. Tatizo ni kwamba Januari na karo yake huwa tayari iko mlangoni, na mzazi anayeuza magunia kumi ili watoto wakaogelee hana budi kujua atabaki na mangapi.

Hata hivyo, si vyema kuiona safari ya namna hii kuwa anasa tupu. Kati ya 2006 na 2008, mzozo wa ardhi ulipogeuka kuwa vita Mlima Elgon, familia nyingi za huku zilifunga mizigo kwa sababu moja tu, nayo ni kuokoa maisha. Waliokuwa watoto wakati huo sasa ni wazazi. Kufunga mizigo kwa furaha, huku ukijua utarudi nyumbani na kuikuta nyumba yako, ni jambo ambalo si kila mtu wa rika hilo alilikuta utotoni.

Safari yenyewe huanza kwa matatu hadi mjini Bungoma, kisha basi la usiku hadi Nairobi. Reli ya zamani iliyopita Bungoma ikielekea Malaba haisaidii abiria wa Mombasa, kwa kuwa treni ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017, huanzia Syokimau. Hapo ndipo wageni wengi hukwama. Basi huwashusha katikati ya jiji alfajiri, nacho kituo cha Syokimau kiko nje ya jiji. Anayedhani atavuka msongamano wa magari kwa nusu saa huachwa na treni, kwani abiria hutakiwa kufika mapema ili mizigo ikaguliwe.

Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na walio chini ya hapo hawalipi. Kwa kiwango hicho, wazazi wawili wenye watoto wa miaka 13, 9 na 2 hulipa Sh5,250 kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Ongeza mabasi, chakula na chumba. Kuhusu chumba, tahadhari ni moja: usitume arubuni kwa simu kwa mtu uliyeona picha zake tu. Walaghai hupenda Desemba kuliko watalii.

Mchana wa siku hiyo treni hukata mbuga ya Tsavo, na watoto huona tembo wekundu kwa vumbi. Jioni familia iko Mombasa. Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza, kwani mtoto aliyejifunza kuogelea katika kidimbwi cha mto hudhani anayajua maji. Mto huenda upande mmoja tu. Bahari huenda na kurudi.

Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kutoka kujaa hadi kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita. Chanzo ni mvutano wa mwezi, ukisaidiwa na jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu hizo mbili huvuta kwa pamoja na kuleta bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Mombasa huweza kuzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Siku za bamvua, maji ya Mombasa hukupwa takriban saa nne au saa tano asubuhi. Ufuo huwa mpana, mchanga uko wazi, na watoto hutembea hadi karibu na mwamba wakiokota kombe. Hatari iko hapo. Maji yanaporudi hayaji kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, kisha katika saa ya tatu na ya nne huingia karibu nusu ya maji yote. Njia ya mchanga waliyoipitia kwenda huwa imekwisha kuwa mkondo. Maji yanapotoka nayo hukimbilia mapengo yaliyo katika mwamba, na huweza kumvuta hata mtu mzima. Aliyenaswa asishindane nayo akielekea ufuoni. Aogelee sambamba na ufuo hadi atoke katika mkondo, kisha ndipo arejee. Na zile tyubu za magari zinazokodishwa ufuoni si vifaa vya uokoaji, hata zikiwa zimejaa upepo namna gani.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa bara huona haya kuliuliza: je, aweza kutembea mbele ya hoteli kubwa? Aweza. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Kinachokosekana mara nyingi ni njia ya kuufikia ufuo, kwa kuwa viwanja vimepangana ukuta kwa ukuta. Ndiyo maana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, hufurika watu sikukuu zote.

Saa za jua kali zafaa kutumiwa Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, ikatekwa na Waomani 1698, na baadaye ikawa jela ya Waingereza kabla ya kufanywa makumbusho.

Siku ya tatu yahitaji hesabu. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, hivyo yaliyokupwa saa nne asubuhi siku ya kwanza yatakupwa saa sita kasoro dakika 20 siku ya tatu. Treni ya alasiri huondoka Miritini saa tisa, na anayetoka Bamburi na watoto heri aondoke saa saba. Kwa hivyo kuoga kwa mwisho ni saa moja asubuhi, maji yakiwa bado ufuoni, mzazi akiwa amesimama ndani yake hadi kiunoni, upande wa bahari, na watoto wakiwa upande wa nchi kavu.