Mafahali Wawili Zizi Moja: Diski Zinapogombana Ndani ya Kompyuta

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku hizi daftari za nyumba nyingi, na za vyuo vyetu pia, zimo ndani ya kompyuta. Basi yatupasa kujua jambo hili: diski ikitoweka, si lazima iwe imekufa. Huenda imezibiwa njia na mwenzake.

Haya tuliyajua kwa mashaka. Chuoni kwetu tunayo kompyuta kuukuu, na katika diski yake mlikuwa na majina ya watoto, hesabu ya michango ya mayatima, na sauti ya mwalimu wetu marehemu akisomesha. Wala hatukuwa na nakala. Mfadhili mmoja akatuletea diski mpya ya namna ya M.2, bapa, upana wake milimita 22 na urefu milimita 80. Tukaitia katika tundu lake. Kompyuta ilipowashwa, diski mpya ilionekana. Ya zamani haikuonekana. Fundi tuliyemwita akaitazama kidogo akasema, "Hiyo imekufa, itupeni." Tulikosa usingizi usiku ule, kwani hesabu ya mayatima ni amana.

Kijana mmoja aliyesoma kwetu zamani akatusihi tungoje. "Mwalimu," akasema, "tusiizike kabla ya kuipima." Akazima umeme, akaiondoa ile mpya, akawasha tena. Ya zamani ikaonekana papo hapo! Akakisoma kitabu cha ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi, akakuta imeandikwa kwamba tundu lile la M.2 lashiriki njia moja na mojawapo ya matundu ya SATA. Ukitia diski katika hilo, hili hufungwa. Akauhamisha waya wa diski ya zamani katika tundu jingine, na zote mbili zikafanya kazi.

Kwa nini ikawa hivyo? Diski haisemi na ubongo wa kompyuta moja kwa moja. Kati yao pana kidhibiti, mfano wa bawabu apokeaye na kupeleka habari. Kidhibiti huhitaji anwani yake, njia yake, na namba ya kuuitia ubongo kila apatapo kazi. Katika kompyuta ya IBM AT, iliyotoka mwaka 1984, namba hizo zilikuwa 16, tangu 0 mpaka 15, na moja katika hizo ilikuwa ya kuunganishia tu. Kidhibiti cha diski kilishika 14, na cha pili, kilipokuja kuongezwa, kilishika 15. Mtu akitia kadi ya sauti yenye kidhibiti chake cha kusomea sidii, nayo ikadai 15, bawabu wawili waliita kwa namba moja. Ama mmoja alinyamaza, ama kompyuta yote ilikwama. Mafundi wa siku zile waliamua ugomvi huo kwa mikono, wakihamisha vifuniko vidogo vya pini juu ya kadi. Windows 95, ya mwaka 1995, iliweza kuzigawa namba hizo yenyewe, na kadi za PCI ziliweza kushiriki namba moja kwa amani. Ugomvi ukapungua, lakini haukwisha. Sasa wagombea njia.

Upo na ugomvi uzukao pasipo kuongezwa kitu. Betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya ubao mkuu ikiisha, saa hupotea, na maagizo ya bayosi huweza kurudi kama yalivyotoka kiwandani. Kidhibiti kilichokuwa katika mtindo wa AHCI chaweza kugeuka kuwa IDE au RAID. Windows huamka ikamkuta bawabu isiyemjua, ikakataa kufunguka. Diski ni nzima. Dawa ni kubadili betri na kuurudisha mtindo wa kwanza.

Basi twawausia vijana wetu mambo haya. Kwanza, asifomati mtu diski iliyotoweka; kufomati ni kufuta daftari. Pili, zima umeme, ondoa kifaa kilichoongezwa mwisho. Hali ikirudi, mgomvi amejulikana. Tatu, badili jambo moja tu kwa mara moja, na uliandike. Nne, tazama katika bayosi kama diski yaonekana, kisha katika orodha ya vifaa ya Windows. Alama ya mshangao ya manjano ni dalili ya taabu, na kosa namba 12 maana yake kifaa kimekosa nafasi. Tano, jaribu waya mwingine na tundu jingine. Lakini diski ikigonga-gonga kwa sauti, hiyo kweli ni mgonjwa. Izime, umpelekee ajuaye.

La mwisho ndilo kubwa: wekeni nakala mahali pengine, kabla ya msiba wala si baada yake. Fundi yule hakuwa mwovu. Alikuwa na haraka tu, nasi tulikuwa karibu kumtii. Leo hesabu ya mayatima ipo katika diski mbili zikaazo nyumba mbalimbali, na watoto wetu bado wamsikia mwalimu wao akisomesha.

Wabillahi tawfiq.